TAFAKARI YA JUMA: UHURU WA DINI SI MALI YA WAKATOLIKI PEKE YAO





Ipo hoja inayotembea katika jumuiya zetu ndogondogo za Kikristo, na juma hili tumeona ni wajibu wetu kuijibu pasipo kuizungukazunguka. Hoja yenyewe ni kwamba uhuru wa dini ni jambo jema pale unapolilinda Kanisa letu. Lakini ya Waislamu wayatetee Waislamu, ya walokole wayatetee walokole, na padre au askofu anayeketi na masheikh kuzungumzia amani anapoteza muda wake, au vibaya zaidi, anaiuza imani.

Sisi tunasema kwamba hoja hii imepotoka mara tatu. Inapingana na mafundisho ya Mama Kanisa. Inapingana na historia ya ardhi hii ya Katavi tunayoikalia. Na mwisho wake itatuangamiza sisi wenyewe tunaodhani inatulinda.

1. KANISA LINAFUNDISHA NINI?

Desemba 7, 1965, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitoa Tamko juu ya Uhuru wa Dini, lijulikanalo kwa Kilatini kama Dignitatis Humanae. Waamini wengi wamelisikia jina hilo, wachache wamelisoma. Mafundisho yake ni mazito: kila binadamu anayo haki ya kutolazimishwa, na mtu binafsi, na kundi, wala na mamlaka yoyote, kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini, wala asizuiwe kuifuata dhamiri hiyo, faraghani na hadharani, ndani ya mipaka ya haki. Zingatieni msingi wa haki hiyo. Mtaguso haukuijenga juu ya usahihi wa imani ya mtu. Uliijenga juu ya hadhi yake kama mtu. Kwa sababu hiyo, hata yule tunayeamini kwamba amekosea bado anayo haki hiyo yote, wala haipungui kwa sababu sisi hatukubaliani naye.

Wiki chache kabla, Oktoba 28, 1965, Mtaguso huohuo ulikuwa umetoa Tamko la Nostra Aetate, ambamo Kanisa linatamka kwamba linawaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja, na kuwasihi wote wayasahau magomvi ya zamani ili washirikiane kulinda haki, maadili, amani na uhuru kwa ajili ya watu wote. Kwa watu wote, ndugu zangu; si kwa waliobatizwa tu.

Yupo atakayetuuliza: je, huku si kusema kwamba dini zote ni sawa? La hasha! Mitaguso haikusema hivyo, wala sisi hatusemi. Kristo ndiye Njia, na Kanisa halitaacha kumhubiri. Ila imani iliyopatikana kwa shuruti si imani. Baba wa yule mwana mpotevu hakumfungia mlango mwanawe asiondoke. Alimwacha aende, naye akarudi kwa miguu yake mwenyewe. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika waliotuletea Injili, aliagiza katekumenato ya miaka 4. Wapo waliodhani ni mirefu mno. Lakini mtu anayepewa miaka 4 ya kufikiri amepewa pia nafasi ya kukataa, na “ndiyo” yake ina uzito kwa sababu angeweza kusema “hapana”.

2. ARDHI HII INATUFUNDISHA NINI?

Sisi wana wa Katavi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mafundisho. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika walikabidhiwa ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, na humo mbegu ya imani ikapandwa. Katika Karema hiyohiyo aliishi Adrian Atiman, mzaliwa wa pande za mto Niger, aliyetekwa utotoni na kufanywa mtumwa, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari katika kisiwa cha Malta, akafika Karema mwaka 1889. Aliwatibu watu wa ziwani kwa zaidi ya miaka 60, hadi kifo chake mwaka 1956. Katika habari zake zote hatujapata kusikia kwamba mgonjwa aliulizwa dini yake kabla ya kupewa dawa. Huyu ndiye mzee wetu katika imani. Anayewabagua watu kwa dini zao akidai kwamba anautetea Ukatoliki wa Karema, hamjui mganga wa Karema.

Tutazame pia lugha tunayosalia. Lugha hii ilifika huku bara pamoja na misafara ya watu wa pwani, wengi wao Waislamu, waliopita Tabora na Ujiji. Tunaposema sala, sadaka, ibada, imani, dhambi, baraka, malaika, shetani, tunatumia maneno yenye asili ya Kiarabu, yaliyotamkwa na Waislamu kabla hayajaingia katika misale yetu. Mtu anayesema hana deni lolote kwa jirani yake Mwislamu, na ajaribu kusali Jumapili moja bila maneno hayo.

Mji wa Mpanda nao ulikuzwa na mgodi wa risasi na reli ya kutoka Kaliua, na mgodi na reli havichagui dini. Vilileta watu wa kila namna. Kisha wakaja ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, wakapokelewa Katumba na baadaye Mishamo. Zaidi ya 160,000 kati ya waliokuwa katika makazi hayo na yale ya Ulyankulu, pamoja na watoto wao, wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Wakatoliki, Wapentekoste, Waanglikana, Waislamu, na wale wanaofuata bado mila za mababu: huo ndio mkoa wetu. Hapa hakuna kundi linaloweza kusema kwamba wengine wote ni wageni.

Na kila Juni 3, tunapowaadhimisha Mashahidi wa Uganda, tukumbuke habari yote na siyo nusu yake. Tunawataja Mashahidi 22 wa Kanisa Katoliki. Papa Paulo VI, alipowatangaza watakatifu mwaka 1964, aliwakumbuka pia wenzao Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo yuleyule. Wachache wanajua kwamba miaka 10 hivi kabla yao, yapata mwaka 1876, wakati wa Kabaka Mutesa wa Kwanza, makumi ya vijana Waislamu wa ikulu waliuawa, nao pia Namugongo, na miongoni mwa makosa waliyohesabiwa ni kukataa kula nyama iliyochinjwa kinyume cha dini yao. Mfalme asiyevumilia dhamiri alianza na Waislamu. Hakukuwa na aliyewatetea. Moto ulipowashwa tena chini ya mwanawe Mwanga, kuni zilikuwa ni Wakristo.

3. MWENZAKO AKINYOLEWA

Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wengine tunadhani methali hii ni ya tahadhari tu. Sisi tunaiona pia ni ya haki, kwa maana kinyozi hafanyi kazi siku moja.

Kumbukeni miaka ya 2012 na 2013, ambayo taifa letu limejitahidi kuisahau. Oktoba 2012 makanisa yalichomwa moto Mbagala, Dar es Salaam, baada ya ugomvi wa watoto wawili juu ya Kurani. Novemba mwaka huohuo Sheikh Fadhil Soraga, Katibu wa Mufti wa Zanzibar, alimwagiwa tindikali. Siku ya Krismasi Padre Ambrose Mkenda alipigwa risasi na kujeruhiwa huko Zanzibar. Februari 17, 2013, Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi huko huko, alipofika kuadhimisha Misa ya Dominika. Mei 5, 2013, bomu lilirushwa katika Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, Arusha, siku ya kuzinduliwa kwake, na watu 3 wakapoteza maisha. Je, waliofanya hayo walibagua? Sheikh alimwagiwa tindikali kabla padre hajapigwa risasi. Adui wa uhuru wa dini ni mmoja, naye huanza na yeyote aliye karibu.

Upande wa pili wa ziwa letu, katika Kongo ya Mashariki, waasi wa ADF wameua Wakristo wengi. Usiku wa kuamkia Julai 27, 2025, waliwavamia waamini waliokuwa wakikesha katika sala huko Komanda, Ituri, na kuua zaidi ya watu 30. Tuliwaombea, na tulifanya vema. Lakini je, tulimwombea Sheikh Ali Amini, aliyepigwa risasi msikitini Beni, Mei 2021, kiongozi wa Waislamu aliyekuwa akiwapinga waasi hao hadharani? Damu yake ilimwagika kwa kulitetea lile ambalo sisi tunadai ni letu.

Tena, kumbukeni Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, katika kaunti ya Mandera nchini Kenya. Al-Shabaab walilisimamisha basi, wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja tu nyuma, katika kaunti hiyohiyo, abiria 28 walikuwa wameuawa kwa namna hiyo. Safari hii Waislamu walikataa. Kina mama waliwavisha Wakristo mitandio yao ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika kukataa huko, akafariki Januari 2016. Hakuwa na cheo cha dini wala hakuwa mjumbe wa kamati ya maridhiano. Na sisi tunaoambiana kwamba ya Wakristo wayatetee Wakristo, tungesema nini mbele ya watoto wake?

Hata hapa nyumbani, tujiulize juu ya Juni 2025, pale Kanisa la Ufufuo na Uzima, linaloongozwa na Askofu Josephat Gwajima, lilipofutiwa usajili baada ya kiongozi wake kukemea utekaji wa watu. Serikali iliagiza lifunguliwe Novemba mwaka huohuo. Wapo Wakatoliki waliocheka. Walisema yule si mwenzetu, mahubiri yake yanatuchoma. Hatukubaliani na mambo mengi ya kanisa lile, na hatuna haja ya kulificha hilo. Lakini Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema kwamba shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini ziko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mtaguso nao unakubali kwamba dola ina wajibu wa kulinda utulivu wa jamii, lakini kwa sheria ya haki na kwa kadiri inayohitajika tu. Ikiwa kiongozi mmoja ameshutumiwa kwa maneno yake, mahakama zipo. Kuwanyima maelfu ya waamini mahali pa kusali kwa sababu ya maneno ya mtu mmoja ni adhabu kwa wasioshitakiwa. Mkatoliki anayecheka leo akumbuke kwamba maaskofu wetu nao huandika nyaraka, na nyaraka hizo haziwapendezi wote.

4. KISU NA BUCHA

Tusidhani kwamba tunasema haya ili kukwepa mambo magumu ya kila siku. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, Mchungaji Mathayo Kachila aliuawa katika ghasia zilizotokana na mgogoro wa nani achinje nyama ya kuuzwa kwa umma. Serikali, ambayo Waziri Mkuu wake wakati huo alikuwa Mheshimiwa Mizengo Pinda, mwana wa mkoa wetu, ililazimika kuwakutanisha viongozi wa dini. Moto ulipungua, ila swali halijafa. Bado linaulizwa mabuchani na kwenye sherehe.

Msimamo wetu ni huu. Desturi ya kumwita Mwislamu achinje kwenye harusi au msiba wa Mkristo ni desturi nzuri, nasi tunaitetea. Haitufanyi kuwa Waislamu. Inatuwezesha kula pamoja. Mtume Paulo aliwaeleza Wakorintho kwamba chakula hakitusogezi wala kutuweka mbali na Mungu, na kwamba alikuwa tayari kuacha nyama maisha yake yote asije akamkwaza ndugu. Anayekataa ukarimu huo kwa madai ya uthabiti wa imani hajamsoma Paulo hadi mwisho.

Lakini haki ina pande mbili. Ukarimu ukidaiwa kwa mapanga si ukarimu tena. Mkristo ambaye dhamiri yake haimruhusu kula nyama hiyo ana haki ya kuchinja na kula ya kwake bila kuitwa adui, alimradi asimdanganye mnunuzi; na Mwislamu ana haki ya kujua alichonunua kimechinjwaje. Waislamu nao wana malalamiko ambayo Wakatoliki tumezoea kuyapuuza. Wamelalamika kwa miaka mingi juu ya makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa kuhusu huduma za jamii, wakiona kwamba yanawapendelea Wakristo. Tunaamini kwamba hospitali na shule zetu huwahudumia watu wote, na tunaweza kulionyesha hilo. Basi tulionyeshe kwa kuzungumza nao. Malalamiko ambayo hakuna anayeketi kuyasikiliza hutafuta masikio mahali pengine, na mahali hapo mara nyingi si pazuri.

5. USHIRIKIANO USIOISHIA KWENYE PICHA

Hapa tunageuka na kuwasema hata viongozi wa dini, nasi tukiwamo. Upo ushirikiano wa futari na mapambo, ambapo sheikh, padre na mchungaji wanakaa mstari wa mbele, wanaombea mkutano, wanapigwa picha, wanakwenda nyumbani. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tumesifiwa mno kuwa kisiwa cha amani, hata tukaacha kuifanyia amani hiyo kazi.

Ushirikiano wa kweli umewahi kuonekana nchini. Mwaka 2008, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA walitoa kwa pamoja ripoti juu ya mapato ya dhahabu, wakiuliza kwa nini mwananchi hanufaiki na madini yake. Hawakuungana kusifu. Waliungana kuuliza, na kwa sababu waliuliza wote, haikuwa rahisi kusema kwamba ni njama ya dini moja.

Katika vijiji vya mkoa wetu na mikoa jirani lipo jambo linalohitaji umoja wa namna hiyo. Ni wale waganga waitwao lambalamba, au kamchape, wanaopita kijiji hadi kijiji wakidai kufichua wachawi. Kaya hutozwa michango, nyumba hupekuliwa, na anayekataa hesabu yake ni moja: anaficha uchawi. Ndugu zangu, huo ni ukiukaji wa uhuru wa dini mlangoni petu. Mwamini Mkatoliki analazimishwa kushiriki ibada ambayo dhamiri yake inaikataa, Mwislamu vilevile, na mzee asiye na dini yoyote iliyosajiliwa, mara nyingi mama mjane, ndiye anayelipa gharama kubwa kuliko wote. Padre akikemea peke yake, ataambiwa kwamba wazungu wamemharibu. Sheikh akikemea peke yake, ataambiwa mgeni. Wakisimama padre, sheikh na mchungaji mbele ya mkutano mmoja wa kijiji, wakasema neno moja, kwamba hakuna nyumba itakayopekuliwa kwa nguvu, nani atawaambia kwamba hawakijui kijiji?

6. TUFANYE NINI?

Kwanza, katika Sala za Waamini, tuwaombee wanaoteswa kwa ajili ya dini, na tuwataje pia wasio wetu. Machi 15, 2019, Waislamu 51 waliuawa wakiwa katika sala ya Ijumaa huko Christchurch, New Zealand. Aprili 21 ya mwaka huohuo, Sikukuu ya Pasaka, zaidi ya watu 250 waliuawa makanisani na hotelini huko Sri Lanka. Altare ambayo inawaombea wa Aprili isisahau wa Machi.

Pili, kila jumuiya ndogondogo iisome Ibara ya 19 ya Katiba na Tamko la Mtaguso. Hatuwezi kuidai haki tusiyoijua, wala kumtetea jirani kwa haki tusiyoielewa.

Tatu, tukatae matusi katika mahubiri. Mhadhara unaomkashifu Kristo hutuumiza; basi nasi tusiyachekelee mahubiri yanayomkashifu Mtume wao. Tunaweza kutofautiana hadi mwisho wa dunia pasipo kutukanana hata mara moja.

Nne, siku msikiti, kanisa au nyumba yoyote ya ibada itakapoguswa katika mji huu, Wakatoliki wawe miongoni mwa watu wa kwanza kufika, kabla hatujaambiwa na mkuu wa wilaya. Hayati Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed el-Tayeb, walitia saini Hati juu ya Udugu wa Kibinadamu huko Abu Dhabi, Februari 4, 2019. Saini zao ziko Abu Dhabi. Za kwetu zinatakiwa hapa Mpanda, Katumba, Mishamo, Inyonga na Karema, nazo haziandikwi kwa wino.

Wapo watakaosema: na wao je, watafanya hivyo kwa ajili yetu? Hatujui watafanya nini wote. Tunajua alichofanya mwalimu mmoja njiani Mandera. Na Bwana wetu, alipoulizwa jirani ni nani, alimtaja Msamaria, mtu wa dini ambayo wasikilizaji wake waliidharau; akamalizia kwa kuagiza, wala hakuweka sharti kwamba tusubiri Msamaria aanze.

Mama Bikira Maria, Malkia wa Amani, ambaye ndugu zetu Waislamu nao wanamheshimu, atuombee.

Tunawatakia Dominika njema.

Wenu katika Kristo,
Paroko